Siku Tuliyolowesha Barabara ya Papa

Enzi zetu barabara ilikuwa na haki ya kupumzika. Mvua ikinyesha, barabara inalala, na magari yote, ya tajiri na ya padri, yanasubiri iamke. Najua vijana wangu hapa Goma wakisoma hivi watasema mama ameanza kuchanganyikiwa. Kwao barabara ni kitu cha kupita tu, tena mbio, juu ya pikipiki, simu imebanwa kati ya sikio na kofia. Kutoka nyumbani hadi dukani kununua mkate ni hatua mia mbili, wanaita pikipiki. Sisi hatua mia mbili ilikuwa umbali wa kwenda kumwomba jirani chumvi, tukarudi, tukagundua tumesahau chumvi yenyewe kwa sababu ya mchezo, tukaenda tena.

Juzi kitinda mimba wangu alikuja na simu yake. Tunakaa mtaa wa Himbi, nyuma ya ofisi moja yenye jenereta linalonguruma kuliko fahali, kwa hiyo ilibidi apige kelele kidogo. Alinionyesha ramani. Kulikuwa na mstari mwembamba wa kijivu, umetoka kwenye barabara ya Rutshuru, ukazunguka nyuma ya milima, ukaangukia kwenye barabara inayopanda kutoka Sake kwenda Masisi. Akaniuliza kwa nini hatujawahi kuipita njia ile wakati ni fupi hivyo. Nilicheka mpaka nikatafuta kitambaa. Mtoto wa leo anaonyeshwa na simu njia ambayo mama yake aliwahi kuifunga kwa bidoni, yaani madumu, za maji.

Wale wa rika langu mnakumbuka ilivyokuwa. Barabara kubwa ni mbili. Moja inatoka Goma kuelekea kaskazini, inapita Kibumba, inashuka Rutshuru. Nyingine inaelekea magharibi, inapita Lac Vert, inafika Sake, halafu inapanda milimani. Ukitaka kutoka moja kwenda nyingine, hata kama unaona moshi wa jikoni kwa shemeji yako ng'ambo ya mlima, lazima ushuke mpaka Goma na upande upya. Ilikuwa kama mtu anayejikuna mgongo kwa kupitisha mkono chini ya goti. Ndipo wakubwa wakaamua kukata njia huko juu kaskazini, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila baridi, ukungu na sisi.

Nyumba yetu ilikuwa palepale njia hiyo mpya ilipoachana na barabara ya Rutshuru, mbele kidogo ya Kibumba. Katapila lilipofika, shule ilifungwa bila mtu kuifunga. Mwalimu alibaki na ubao na chaki, halafu naye akaja kuangalia. Tulikimbia nyuma ya ile mashine ya manjano tukinusa moshi wake kama watu wanaonusa mchuzi. Lilipong'oa mti, tulipiga makofi. Lilipoharibika, jambo lililotokea karibu kila siku, tuliomboleza. Mahali ambapo katapila lilishindwa, watu walimaliza kwa mikono. Kila Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya wote. Wanaume na majembe, wanawake na vikapu vya mawe ya volkano vichwani, watoto na vijiwe vya saizi yetu. Mama aliimba kuliko alivyobeba, na hakuna aliyemlaumu maana wengine walibeba kwa sababu ya wimbo wake.

Madereva waliibatiza Rakursi, kwa Kifaransa chao cha barabarani, yaani njia ya mkato. Na papa yangu, ndivyo tulivyomwita baba, akawa kantonye wake.

Kantonye, kwa ninyi mliozaliwa juzi, alikuwa mtu mwenye kipande chake cha barabara, kama mwingine alivyo na shamba. Azibe mashimo, afyeke majani, azibue mifereji. Papa alikuwa na jembe, panga, toroli la mbao alilolichonga mwenyewe, na chungu kubwa ya mawe madogo kando ya njia kwa ajili ya viraka. Juu ya yote hayo, alikuwa na baryeri ya mvua. Ulikuwa mti mrefu wa mkaratusi uliolazwa juu ya nguzo mbili, umefungiwa jiwe zito kwenye kitako chake. Ukivuta kamba ukaifunga, mti unalala kukata njia. Ukifungua kamba, jiwe linashuka, mti unapanda wenyewe. Mvua ikinyesha tu, papa anafunga. Hakuna gari linalopita mpaka udongo ukauke, kwa maana lori moja likipita kwenye tope linaacha mifereji ambayo kijiji kizima kitaifukia kwa mwezi.

Kujua kama udongo umekauka, papa hakuwa na kipimo cha dukani. Hatua chache kupita baryeri, pale njia ilipoanza kuteremka, palikuwa na udongo mweusi, mkaidi kuliko wote. Papa alivua kiatu, akakanyaga kwa kisigino, akazunguka juu yake, akaondoa mguu na kutazama. Tundu likijaa maji au likang'aa, baryeri inabaki chini. Likibaki kavu, anafungua. Pale pakikauka, alisema, Rakursi nzima imekauka. Hakuwahi kukosea.

Watu walijaribu kumshinda. Tajiri mmoja wa Goma alishuka na koti la ngozi, akataja majina ya wakubwa anaokula nao. Ofisa mmoja aligonga mti wa baryeri kwa fimbo. Wote walipata jibu moja, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya viazi: "Udongo haijue mukubwa." Hata padri alisubiri. Alilala kwetu, akala viazi na maharage akiwa amevaa koti la papa, na Jumapili iliyofuata akahubiri habari za subira kwa uchungu wa mtu anayeijua.

Kwetu sisi watoto, baryeri ikifungwa ilikuwa sikukuu. Malori yalijipanga mstari, na pale palipokuwa na baridi na ukungu pakageuka soko. Waliotoka upande wa Goma walikuwa na sambaza waliokaangwa, wale samaki wadogo wa ziwa, tuliowala na vichwa, na mikia, na karatasi iliyobaki na mafuta tukailamba. Waliotoka upande wa Masisi walikuwa na jibini, zile duara nzito zenye ngozi ya manjano, na maziwa ya mgando. Mama zetu walichoma mahindi. Redio za malori zilishindana. Tulijifunza nyimbo za Kilingala bila kuelewa neno hata moja, tukaziimba kwa hisia zote. Darasani, mwalimu alipotuambia kila mtu aombe kimoyomoyo, sote tuliomba mvua, na akashangaa watoto wa mahali pa baridi namna ile wanavyopenda kulowa.

Siku za jua tulikuwa na chukudu zetu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali. Kaka zetu wakubwa walisukuma zile za kweli, za kubeba magunia ya viazi kutoka Kibumba hadi mjini. Sisi tulichonga ndogo, gurudumu la mti, usukani wa mti, breki ni kisigino chako na huruma ya Mungu. Tuliteremka Rakursi tukipiga kelele mpaka machozi yanakauka njiani. Kaptula za mdogo wangu Janvier hazikuwa na nyuma. Mama aliweka kiraka, Janvier akakimaliza, mama akaweka kiraka juu ya nafasi ya kiraka. Leo ninaona vijana wanashindana kuendesha magari ndani ya simu, wamelala juu ya kochi, na wakianguka hawapati hata mchubuko. Nawauliza sasa mtajuaje kwamba mmeanguka?

Lakini niliyetaka kumsimulia ni Yaya Espérance. Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa, na Espérance alikuwa kifungua mimba. Kati yake na mimi walikuwa wamepita wavulana watatu, kwa hiyo nilipozaliwa alinichukua kama mali yake. Alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza majani. Alinisuka nywele, alinifundisha kusoma kwa kunyoosha kidole kwenye maandishi ya milango ya malori, na kila usiku tulilala kitanda kimoja, miguu yangu ya baridi nikiiingiza kati ya miguu yake. Alilalamika kila usiku. Hakuiondoa hata usiku mmoja.

Yaya aliuza chai pale kwenye baryeri. Msimu mmoja wa mvua kubwa, lori la ng'ambo lilikwama kwetu siku mbili, na ndani yake alikuwemo kijana mrefu aitwaye Deo, mtoto wa wafugaji wa upande wa Masisi, akirudisha makopo matupu ya maziwa. Siku ya kwanza alikunywa chai mara saba. Siku ya pili sikuweza kuhesabu. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamtazama vizuri, kisha akamwambia papa: "Ule haiko na kiu ya chai." Papa akatoka kwenda kukanyaga udongo kwa kisigino, na nadhani ndiyo mara pekee aliyoomba ukauke haraka.

Haukukauka haraka. Baada ya miezi kadhaa wazee wa Deo walikuja na pombe, wakaongea kwa mafumbo, wakaondoka, wakarudi, na ng'ombe wakafika wakitembea juu ya Rakursi ileile. Vijana wa siku hizi wanakutana kwenye simu, wanapendana kwenye simu na kuachana kwenye simu, na hakuna hata mmoja wao aliyelowa. Deo alilowa siku mbili nzima. Mtu aliyelowa kwa ajili yako, unajua la kufanya.

Mimi sikujua la kufanya. Nilikuwa na miaka kumi, na hakuna aliyeniuliza. Kila mtu kijijini alifurahi, mama akashona, papa akapaka nguzo za baryeri chokaa, na usiku kitandani nilisikiliza Yaya akipumua nikawaza ni nani atalala pale. Nilimchukia Deo kwa uaminifu wote. Nilimchukia mpaka jibini lake nikaacha kula, jambo ambalo Janvier alilifurahia sana.

Ikafika Julai, kiangazi. Kundi la Deo lilikuja na lori siku moja kabla, wakala, wakacheza, wakalala kwa majirani. Asubuhi Yaya alipaswa kupandishwa lori, wateremke Rakursi mpaka parokia ya kule, ambako padri alikuwa na misa moja tu saa sita mchana kabla ya kuondoka kuzungukia vigango vyake. Akiondoka, harudi kabla ya mwezi kupita. Nilisikia mama akilirudia hilo mara tano kwa wapishi, na kila aliporudia, wazo langu likanenepa.

Kabla jua halijachomoza nilimwamsha Janvier. Sijui kama mnakumbuka shida ya maji kule juu. Mvua tunayo, lakini ardhi ile ya volkano inaimeza, na chemchemi iko mbali. Kila tone la kwetu lilitoka kwenye paa la bati likaingia kwenye pipa, na lile pipa nyuma ya jiko lilikuwa limejazwa kwa ajili ya chai ya wageni, nyuso za wageni na sahani za wageni. Tulichukua bidoni zetu, mbili kila mmoja. Tulijua mahali pa kumwaga. Tulikuwa tumemtazama papa akikanyaga pale maisha yetu yote. Janvier alimwaga, mimi nikakanyaga kwa visigino ili maji yaingie vizuri, tukarudi, tukamwaga tena. Pipa lilipoanza kutoa sauti ya utupu, pale mwanzo wa mteremko palikuwa tope safi la Aprili. Tukarudi kitandani. Nikaingiza miguu yangu, yenye baridi na tope, kati ya miguu ya Yaya. Hakulalamika, nikadhani amelala.

Papa alitoka, akaenda moja kwa moja kukanyaga. Nilimwona kwa upenyo wa mlango akisimama muda mrefu, akitazama mlima, akitazama mbingu, akitazama kisigino chake. Mlima wetu hujifanyia mvua zake wenyewe, hata kiangazi, na yeye alikuwa amelala usingizi wa baba aliyekunywa pombe ya harusi ya binti yake. Hakushangaa zaidi ya hapo. Akavuta kamba, akafunga.

Watu walipoteremka na bibi harusi, wakiimba, wakakuta mti umelala katikati ya njia na baba mkwe amesimama kando yake na kofia mkononi.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ni watu wa kwetu tu wanaoweza kuharibikiwa namna ile. Mnajua desturi yetu. Bibi harusi akitoka, ndugu zake wanafunga mlango au njia, wanajifanya hawamtoi, na upande wa bwana unaongeza kitu kidogo ili pafunguliwe. Ni mchezo wa heshima. Mjomba wa Deo, mzee mwenye kofia pana na fimbo ya mfugaji, alipoona baryeri imefungwa na jua linawaka, alitabasamu kwa kuipenda ile akili. Baba mkwe amefunga barabara nzima! Akamwita kijana, kijana akaleta blanketi jipya, akaliweka miguuni pa papa.

Papa akalikunja, akalirudisha. Mjomba akaleta jibini nne. Papa akazirudisha. Mjomba akaagiza mbuzi aliyekuwa amebaki kwenye lori, mbuzi akashuka akilalamika, papa akampandisha tena kwa mikono yake. Wimbo ulikuwa umeanza kupungua. Mjomba akasogea karibu, bila tabasamu sasa.

"Muzee, tumesikia. Tuongeze nini?"

"Musiongeze kitu. Mungojee jua."

"Jua iko inawaka, muzee."

"Ku mbingu iko. Ku udongo haiyafika."

Mjomba alitazama kaskazini na kusini, kote vumbi, kiangazi kitupu. Akarudi kwa watu wake, na nikasikia mmoja akisema bila kujificha sana: "Bakwe banataka ng'ombe ingine." Mwingine akasema kwamba mtu asiyetaka kutoa binti angesema tangu mwanzo. Wanawake wa upande wao walianza kushusha vikapu. Deo alisimama na suti yake ya kuazima, yenye mikono mifupi kuliko yake, akimtazama papa, kisha akimtazama Yaya. Na nyuma, jikoni, mama alikuwa amegundua pipa ni tupu, na sauti yake ilikuwa inawatafuta wapishi mmoja mmoja.

Yaya alikuwa amekaa juu ya sanduku lake pembeni ya njia, na kitambaa cheupe kichwani. Hakusema kitu. Lakini niliona uso wa papa, na huo ndio ulionimaliza. Papa yangu, ambaye tajiri na ofisa hawakumtikisa, alikuwa anavuja jasho kwenye baridi ile. Alijua saa. Alijua padri ataondoka. Alijua watu wanamwona mlafi siku ya harusi ya binti yake, na kilichotakiwa ni kufungua kamba moja tu ili heshima yake irudi. Hakuifungua, kwa sababu udongo umelowa. Na mimi ndiye niliyeulowesha.

Nilikwenda nikamshika suruali.

"Papa, mvula haikunyesha. Ni miye na Janvier tulimwanga mayi ya pipa."

Wote waligeuka kunitazama. Hata mbuzi aligeuka.

"Juu ya nini?" papa akauliza.

"Juu Yaya asiende."

Nilisubiri kofi. Mjomba wa Deo alinitazama, akatazama tope, akatazama visigino vyangu ambavyo sikuwa nimevinawa, na ule mwili mkubwa ukaanza kutikisika. Alicheka akiegemea fimbo yake. Wengine wakadaka kicheko, kikapita kwa wanawake, kikarudi. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba sasa muzee afungue, twende. Lakini papa hakucheka. Alivua kiatu, akaenda akakanyaga tena, akazunguka, akaondoa mguu. Tundu likang'aa.

"Mayi ya mvula ao mayi ya pipa," akasema, "udongo haijue."

Nilidhani kila kitu kimekwisha. Mteremko ulianzia pale, lori lilikuwa limejaa watu, na likiteleza linaingia bondeni. Papa hakuwa mkaidi, alikuwa sahihi, na hilo ni gumu zaidi kwa mtu kulivumilia.

Ni Deo aliyetatua. Alivua koti la kuazima, akamkabidhi mama yake, akakunja suruali, akaenda kwenye chungu ya mawe ya papa akajaza toroli. Hakuuliza mtu. Alimwaga mawe kwenye tope, akarudi kujaza tena. Mjomba akavua kofia, akaitia mawe, akaibeba kama kikapu. Basi, ilikuwa salongo. Salongo ya watu waliovaa viatu vya misa. Shangazi walibeba mawe kwenye masinia ya wali, vijana kwenye mashuka, mama akaja kutoka jikoni na ile sauti yake bado ina moto, akaambiwa kilichotokea, akafungua mdomo kunigombeza, na kilichotoka kikawa ule wimbo wa siku za katapila. Janvier alijitokeza hapo, baada ya kuona hakuna anayechapwa, akabeba kuliko wote. Papa alipanga mawe na kushindilia. Alipotosheka alikanyaga kwa kisigino, na hapakubaki tundu.

Watu wakaanza kupanda lori. Nilitaka kukimbilia nyuma ya nyumba, papa akanishika bega, akaniongoza mpaka kwenye nguzo, akaniwekea kamba mkononi.

"Weye njo ulifunga. Weye njo utafungua."

Sikuwahi kuruhusiwa kuigusa kamba ile. Siku nyingine ningeringa nayo mwezi mzima. Fundo lilikuwa gumu, na papa hakunisaidia, alisimama tu na kofia mkononi akingoja. Lilipofunguka, jiwe likashuka, mti ukapanda polepole mbele ya macho yangu. Yaya alivuka kwa miguu kwanza, viatu vyeupe mkononi, ili asichafue. Aliponipita aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akakibakiza pale kidogo, akaendelea. Lori likapita juu ya mawe bila kuteleza hata kidogo. Nililia mpaka nikapata kwikwi, na tulipoingia ndani nikaona papa naye anasafisha macho, akilaumu vumbi. Ndiyo, vumbi, mtu aliyetoka kusema udongo haujakauka.

Walimkuta padri ameshapanda pikipiki yake. Wanasema alipopewa sababu ya kuchelewa, alishuka akawafungisha ndoa, maana baryeri ile aliijua. Mimi na Janvier tulijaza pipa lile kutoka chemchemi mwezi mzima, bidoni kwa bidoni, na mama akihesabu kwa sauti.

Halafu, ona mambo. Njia iliyomchukua Yaya ndiyo iliyomrudisha kila mara. Nusu siku tu. Alikuja na mtoto mgongoni, na wa pili, na wa tatu. Likizo tulikwenda kwake, tukanenepa kwa maziwa, na Deo nikamsamehe, nikaanza kula jibini lake kwa kasi ya kufidia miaka.

Papa alishafariki, akiwa mzee, kiangazi, siku kavu kabisa. Rakursi imemezwa na majani na vita. Mti wa mkaratusi sijui ulipikia nani chakula. Siku hizi ukitaja baryeri, mtu anawaza bunduki na kushika mfuko wake, na mimi nakumbuka baryeri ambapo mtu akikupa blanketi unamrudishia. Njia ya kwenda kwa Yaya, ya mkato na ya mzunguko, zote zina sababu za kutopitika ambazo sitaki kuziingiza humu. Tuna simu. Vijana wangu wanasema simu ndiyo njia ya mkato kuliko zote, na wanashangaa kwa nini nikimaliza kuongea na dada yangu nakaa kimya wakati nimemwona uso mzima, mpaka meno.

Basi siku ile ya ramani nilimpigia nimcheke kidogo. Nikamsimulia jinsi mtoto alivyogundua Rakursi, tukafika kwenye harusi kama kawaida yetu, tukamcheka mjomba na kofia yake ya mawe. Nikasema bado namwomba radhi kwa asubuhi ile.

"Niliwaona ku dirisha," akasema. "Weye na Janvier, na bidoni zenu."

Nikamuuliza kwa nini hakutuzuia, wala kusema neno pale njiani watu walipokuwa wanamhukumu papa.

"Nilimupenda Deo, na ningeenda tu," akasema. "Lakini nilikuwa naomba Mungu muongeze hata bidoni moja, siku ipite, nilale kwetu tena."

Miaka yote hii nilijua ni mimi tu niliyetaka abaki. Ningejua, ningemwaga hata maji ya kunywa.